Ole Wenu Mnaozima Mlinzi

Sikieni, enyi wa Yaeda Chini, mnaopanda kilimani kutafuta mtandao mkashuka na uchafu. Nawasema walimu, watendaji na vijana wa bodaboda, nanyi mafundi wa Haydom na Dongobesh mnaoingiza Windows kwa flashi ileile iliyokwisha kuchomekwa kwa kila mteja.

Mlinzi mnamzima kwa mkono wenu wenyewe! Fundi anafungua folda ya kreki, na maelekezo yaliyomo yanaanza hivi: zima antivirasi kwanza. Nanyi mnazima, mnabonyeza ndiyo, mnasubiri kompyuta ya ofisi iache kudai leseni. Wiki haijaisha, mafaili kwenye flashi yamegeuka shotikati na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji haufunguki. Mtasema mmerogwa?

Kwenye bonde hili la Yaeda karatasi si mzaha. Mwaka 2011 Wahadzabe wa hapa walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Ardhi hiyo haikulindwa kwa kelele, bali kwa mipaka, ramani na maandishi. Leo kumbukumbu za namna hiyo mnaziweka kwenye mashine iliyofunguliwa kwa ufunguo wa mwizi.

Halafu mnajitetea kwa umaskini. Nyamazeni! LibreOffice haiuzwi, na mafaili yenu ya Word inayafungua. Mzazi wake, OpenOffice, alisemeshwa Kiswahili tangu 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Mliletewa bure, kwa lugha yenu, mkaipita mkaenda kuiba ya Kiingereza. Linux Mint nayo ni bure, na kompyuta kuukuu inayokwama kwa Windows mpya mara nyingi huiweza.

Ole wenu wa WhatsApp GB, ile isiyotoka kwa WhatsApp wenyewe! Mmeitoa wapi? Mmerushiwa na rafiki aliyerushiwa na rafiki, na aliyeipika hamumjui. Mmemkabidhi namba zenu, picha za watoto na meseji za mama mkwe, ili mpate nini? Msome ujumbe ambao jirani ameshaujutia akaufuta. WhatsApp wenyewe wakiwafungia namba, mnalia mnaonewa.

Mnalalamika mtandao haufiki. Hapo siwalaumu. Lakini mkienda Mbulu mjini bando lote linaishia kwenye klipu za vichekesho, mnarudi mikono mitupu. Pakueni Organic Maps pamoja na ramani ya Tanzania, mtatembea nayo porini bila mtandao. Pakueni Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili, mwalimu aifungue darasani hata siku ambayo mnara umelala. Njia ya mguu isiyoonekana kwenye ramani hiyo mnaweza kuiongeza wenyewe, kwa kuwa inatokana na OpenStreetMap, na kila mtu anaruhusiwa kuichorea. (Waulizeni wazee kwanza. Si kila chemchemi inataka kujulikana na dunia.)

Na wewe mtendaji, usingoje semina. Nakili kumbukumbu za kijiji kwenye diski mbili wiki hii: moja ibaki ofisini, nyingine ikae kwa mwenyekiti, na yoyote kati ya hizo isiguse kompyuta ya steshenari.