Jicho la Mwanafunzi ni Amana ya Nani?

Wahenga wa mwambao wameacha methali mbili ambazo, zikiwekwa sahani moja, haziliani kwa amani. Ya kwanza husema mwana hutazama kisogo cha nina. Yaani hapana ajifunzaye ila kwa kumfuata aliyemtangulia. Ya pili husema mwacha asili ni mtumwa. Yaani amfuataye mwingine kupita kiasi hujiuza mwenyewe. Ni vigumu kuyapata mahali ambapo methali hizi mbili hugongana waziwazi kuliko katika darasa la uchoraji wa rangi za mafuta, ambamo mwenye jicho hufundishwa kuona. Mwalimu anapomfundisha mwanafunzi rangi na mbinu zake, je, humpa jicho, au humnyang'anya lile alilokuja nalo?

Kabla ya kulijibu suala hilo inafaa kutazama ni nini hasa kifundishwacho. Kwa watu wa pwani, rangi ya mafuta ni ile ya kopo, ipakwayo milango, madirisha na mashua. Rangi ya mchoraji ni ndugu yake: unga wa rangi uliosagwa na kukandwa kwa mafuta, aghalabu yale ya mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kama yakaukavyo maji. Maji huruka yakaenda zake, ilhali mafuta ya kitani hubaki pale pale, yakavuta hewa na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Utando mwembamba huchukua siku kadhaa hata uweze kuguswa kwa kidole. Mnene huchukua miezi, na wakati mwingine zaidi, hata ukomae hadi ndani.

Kutokana na tabia hiyo huzaliwa kanuni ambayo kila darasa huianza nayo: tabaka la chini liwe na mafuta machache, lililozimuliwa kwa tapentaini, na kila tabaka lifuatalo lizidi mafuta kuliko lililo chini yake. Anayeigeuza kanuni hii, akaweka mafuta mengi chini na machache juu, tabaka lake la juu hukauka likakakamaa wakati la chini lingali linacheza, na picha hupasuka nyufa. Nyufa hizo hazimwulizi mchoraji kabila lake wala dini yake. Hazitofautishi baina ya aliyekusudia kuivunja kanuni na ambaye hakupata kuisikia.

Hapa suala la mwanzo hupata sehemu ya jibu lake. Yako mambo ambayo mwalimu hana haki ya kuyaficha, hata kwa nia njema ya kumwacha mwanafunzi awe huru. Sheria ya mafuta si mali ya mwalimu, wala si mila ya Ulaya. Ni tabia ya kitu chenyewe. Kuizuia ni sawa na nahodha kumwachia kijana usukani bila ya kumwambia mwamba uko wapi, kisha akaiita hali hiyo uhuru.

Lakini rangi ni jambo jingine, na ni gumu zaidi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki zimeazimwa kutoka kwa vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa. Manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu ya Waarabu. Lugha, kwa busara yake, imeifunga rangi kwenye kitu, kana kwamba rangi ni mali ya kitu hicho, haiondoki wala haibadiliki.

Mwanafunzi huingia darasani na lugha hiyo machoni. Akiambiwa achore kanzu iliyotundikwa ukutani, huchukua rangi nyeupe, kwa sababu kanzu ni nyeupe. Akifika kwenye kivuli, huitia nyeusi kidogo, kwa sababu kivuli ni cheusi. Matokeo yake ni kanzu iliyoingia masizi. Ndipo mwalimu humwambia afumbe macho nusu, atazame tena, akalinganishe: upande ule ulio kivulini, karibu na dirisha, je, haukuchukua samawati ya mbingu? Na ule unaoelekea ukuta wa chokaa uliopigwa na jua la alasiri, je, haukuchukua umanjano wa ukuta? Mwanafunzi hutazama, na kwa mara ya kwanza huona kwamba kanzu nyeupe ina rangi nyingi, na huenda nyeupe ndiyo iliyo chache kuliko zote.

Hapo jina la rangi halikuwa uongo. Lilikuwa ni muhtasari, nao muhtasari hufaa sokoni na dukani. Tatizo huja pale mtu anapoutumia muhtasari badala ya kutazama. Na ambaye amezoea kutazama jina badala ya kanzu, si ajabu akazoea pia kutazama jina badala ya mtu: huyu ni mgeni, yule ni maskini, na hadithi ikaishia hapo. Darasa la rangi halimfanyi mtu kuwa mwema. Historia ya wachoraji inatosha kuwa ushahidi. Ila humpa zoezi ambalo wema hauwezi kukamilika bila yake, nalo ni kuahirisha hukumu mpaka jicho limalize kazi yake.

Kipo kisa cha kweli kinachobainisha jambo hili. Mwanakemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul aliwekwa mwaka 1824 kusimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa hafifu na hazikuiva. Chevreul alizichunguza nyuzi hizo akazikuta hazina kasoro. Lililozidhoofisha ni jirani: zilifumwa pembeni mwa buluu na zambarau, na jicho likaona weusi wake umepwaya. Kutokana na uchunguzi huo alichapisha mwaka 1839 kitabu kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja, na wachoraji wakakisoma kwa vizazi. Uzi mweusi ulikuwa umeshitakiwa kwa kosa la mtaa aliowekwa. Mchoraji anayeijua kanuni hiyo hakimbilii kuibadilisha rangi iliyomuudhi. Huanza kwa kuuliza imekaa na nani.

Hadi hapa mambo yaonekana mepesi. Ila historia ya ufundishaji wa sanaa Afrika Mashariki yaonyesha kwamba wema wa mwalimu nao una mitego yake. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea skuli ya sanaa ya Slade mjini London, alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937. Alichelea kwamba akiwapa wanafunzi wake mbinu nyingi za Ulaya ataizima sanaa iliyomo ndani mwao. Aghalabu aliwasimulia kisa kwa maneno, kisha akawaacha wakione vichwani mwao na kukichora. Alipostaafu mwaka 1958, mahali pake palichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, naye akaweka mkazo mwingine: nadharia ya rangi, uchoraji wa kutazama, na historia ya sanaa ya dunia. Mmoja alizuia asije akaharibu. Mwingine alitoa asije akapunja.

Ni rahisi kumsifu mmoja na kumlaumu mwenziwe. Lakini azuiaye naye ameshika brashi ya mwanafunzi. Anapoamua kwamba mbinu hii haimfai Mwafrika, kwa kuwa asili yake ni nyingine, amekwisha kumchorea asili hiyo kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Na atoaye kila kitu kwa mkono mmoja, bila ya kubagua lililo sheria na lililo desturi, humfanya mwanafunzi aamini kwamba macho ya Ulaya ndiyo macho ya dunia. Wote wawili waweza kumheshimu mwanafunzi kwa moyo mkunjufu, na wote wawili wakasahau kumuuliza.

Jibu bora zaidi limetoka kwa mwanafunzi mwenyewe. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma kwa Trowell, kisha akenda Slade kati ya mwaka 1952 na 1955. Alikuwa amefika kwenye chemchemi yenyewe ya mbinu za Ulaya. Aliporudi, aliendelea kuchora watu wake wadogo wadogo wakilima, wakivuna na wakibeba mizigo kwa pamoja, bila ya kujishughulisha sana na misuli ya mwili wala vipimo vya umbali. Picha yake ya mafuta ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, imo katika hazina ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Wako waliomwona kuwa ni mtu aliyepita skuli bila ya skuli kupita ndani yake. Hukumu hiyo imesahau kutofautisha baina ya aliyenyimwa na aliyekataa. Mikono yao yaweza kufanana, na picha zao zaweza kufanana. Lakini mmoja amefungiwa nje ya chumba, na mwingine ameingia, ametazama, ametoka kwa miguu yake. Uhuru ni wa huyu wa pili peke yake, na hauwezi kuwa wake kama mlango haukufunguliwa kwanza.

Elimo Njau, naye mwana wa Kilimanjaro na wa Makerere, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa wasia wake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Wasia huo ni mkali, na ukali wake una sababu katika zama ambazo Mwafrika alitarajiwa awe kivuli cha wengine. Hata hivyo, kunakili si kwa namna moja. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za makopo zile zile za milango, alizungukwa na jamaa waliojifunza kwa kumtazama na kumfuatiza. Alifariki mwaka 1972, na lau wale wasingalinakili, sanaa yake ingalizikwa naye. Katika kizazi hicho walitoka waliobaki kurudia chui yule yule kwa watalii, hata katika maduka ya Mji Mkongwe, na walitoka pia waliopata jicho lao. Waanzilishi hao wote walipita mlango mmoja. Kilichowatenga ni iwapo mtu alijua kwamba ule ni mlango, si nyumba.

Wapenzi wa ushairi hawatakosa kuusikia mwangwi. Chipukizi wa ushairi hupewa vina na mizani, na kwa muda mrefu hutunga nakala za waliomtangulia. Hapana amwitaye mwizi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, bila ya vina wala mizani ya kale, mabishano yalirindima kwa miaka mingi. Katika mabishano hayo swali lililofaa halikuwa kama mshairi ameacha vina, bali kama ameviacha au havijui. Sikio lililofunzwa hutambua tofauti hiyo, kwani aliyeacha kwa kujua hubaki na hesabu nyingine ya pumzi.

Kwa hivyo mwalimu wa rangi hubeba amana ya aina tatu, na wajibu wake ni kutozichanganya. Iko sheria ya kitu, kama ile ya mafuta juu ya uchache wa mafuta. Hii aifundishe bila ya kuomba radhi. Iko desturi ya watu, kama ile ya kuyafanya ya mbali kuwa madogo na yenye ubuluu. Hii aifundishe kwa jina lake, aseme kwamba wako wastadi wakubwa duniani wasioifuata. Na uko upendeleo wake mwenyewe, kwamba hupenda udongo kuliko kijani, au kivuli chepesi kuliko kizito. Huu autie kufuli. Mwalimu mwongo si lazima aseme lisilo kweli. Yatosha avishe upendeleo wake kanzu ya sheria.

Mwanafunzi naye ana deni. Asidai asili kabla ya kufanya subira, kwani mara nyingi kinachoitwa asili katika wiki ya kwanza ni uvivu wa kutazama. Anaponakili, aandike nyuma ya turubai jina la aliyemnakili. Na anapokataa, akatae lile analoliweza.

Bado lipo lile tukio dogo la kila siku ambalo amana hizi zote hupimwa kwalo. Kivuli cha mtungi kimemshinda mwanafunzi. Mwalimu huchukua brashi, akapiga mapigo matatu, na kivuli kikalala juu ya meza kama kinavyolala kivuli. Picha imependeza, na ni mapigo hayo matatu yasiyo ya mwenye picha. Rangi ya mafuta, kwa ule uzito wake wa kukauka, imeacha nafasi ya uadilifu: hata jioni ya siku ile rangi ingali mbichi. Mwalimu mwaminifu, baada ya kuonyesha, huchukua kisu, akayakwangua mapigo yake mpaka kitambaa kikaonekana, akairudisha brashi kwa mwenyewe, na akauliza: "Wewe, waona rangi gani hapo?"