Je, Fikra Huvuta Riziki?

Liko fundisho linalopendwa sana siku hizi, hasa na vijana waliomaliza masomo na hawajapata kazi. Linasema kwamba kila analolifikiri mtu kwa nguvu na kwa imani, bila kuruhusu shaka, humjia. Ukitaka nyumba, ione akilini, na funguo zake uzione mkononi, itakuja. Fundisho hili si geni. Napoleon Hill alilieneza huko Marekani mwaka 1937 katika kitabu chake Think and Grow Rich, wakati watu wa nchi ile walikuwa wamechoshwa na ukosefu wa kazi. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia akalirudia kwa maneno mapya katika The Secret. Nimevisoma vyote viwili, tena kwa makini, maana sipendi kukataa kitu kwa kusikia.

Hapana shaka upo ukweli ndani yake. Wahenga wetu walikwisha kusema penye nia pana njia. Lakini, msomaji wangu, hebu tulitazame neno nia lenyewe. Anayefunga Ramadhani hutia nia, kisha hushinda na njaa. Nia ile haimpunguzii hata saa moja ya njaa. Kazi yake ni kumfunga mtu kwenye jambo alilolikusudia. Kwa kutaka tu, bila kufungwa na chochote, lugha yetu ina neno jingine: tamaa. Naona vitabu hivi vinaisifu nia huku vikiuza tamaa.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Juu ya karatasi huandikwa lengo, mstari mmoja au miwili. Chini yake hufuata ukurasa mzima: dakika tano za kwanza utafanya nini, zana gani utatumia, mtoto asipoelewa utarudia kwa njia ipi. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikagua maandalio kwa miaka mingi, na sikumbuki mwalimu aliyeshindwa kuandika lengo. Kazi ilikuwa katika ule ukurasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yafaa pia nitaje utafiti unaowahusu walimu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha habari za shule moja ya msingi huko California. Walimu wa pale walidokezewa kuwa watoto fulani, kama mmoja katika kila watano, walikuwa karibu kuchanua kiakili. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu! Baada ya mwaka, watoto waliotajwa, hasa wa madarasa ya chini kabisa, walionekana kuwapita wenzao. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa matokeo hayo. Hata hivyo mimi, niliyekaa nyuma ya madarasa mengi nikisikiliza, siushangai utafiti ule. Mwalimu anayeamini kuwa mtoto anaweza humsubiri ajibu, humrudia kwa swali jingine, humtazama usoni. Asiyeamini huruka haraka kwa mwingine. Imani ilifanya kazi, lakini ilipita katika macho na sauti na subira ya mwalimu. Tena mtoto mwenyewe hakuwa amewaza lolote.

Ama kuhusu kujiona umekwisha kupata, mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake walichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya wanawake waliotaka kupunguza uzito. Waliotarajia kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliojistarehesha kwa ndoto tamu za wembamba walipungua kidogo kuliko wenzao. Akili iliyokwisha kula karamu haiamki kwenda shamba.

Lipo jambo zito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa Tanzania, kati ya watoto mia moja waliomaliza darasa la saba hawakufika kumi waliopata nafasi katika sekondari za serikali. Nilikuwa nikibandika orodha ile ukutani, majina mawili, mara nyingine matatu, na watoto zaidi ya hamsini wamesimama mbele yake. Je, wale wengine hawakutaka? Wote walitaka. Kutaka kwao kusingeongeza dawati hata moja.

Hapo ndipo ninapoliogopa fundisho hili. Kama kila aliyepata alivuta kwa fikra zake, basi aliyekosa amejinyima mwenyewe, na mgonjwa amejiua. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumpa pole mwalimu mmoja tuliyepata kufanya kazi pamoja. Mkewe alikuwa amefariki kwa saratani. Tulipobaki wawili barazani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, eti ni kweli shaka zangu zilimvutia kifo? Kuna ndugu kaniambia sikuamini vya kutosha."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kumpeleka mama watoto hospitali.

"Ni mimi."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi na minne."

Akanyamaza. Kisha akaanza kunihadithia habari za foleni ya pale, na bibi mmoja aliyekuwa akiwauzia uji mlangoni, ambaye mkewe alimpenda sana.