Tembea Uzingatie

Ndugu Msomaji, ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, utatembea kwa miguu, pole pole, kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa. Je, matembezi hayo ni pumbao au ni ibada? Jawabu limo katika nia.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mwingi wa kutoa. Leo kasri lake ni magofu; ukarimu wake ungali ukitajwa. Basi sisi wa Goba, tunaoshindana kwa kuta ndefu na mageti, tujiulize: baada yetu utatajwa ukuta, au mkono uliotoa?

Na upitapo kijijini, watolee wenyeji salamu. Wao si magofu.

Wallahu aalam.