Je, Kutaja Jina Ndiko Kujua?

Mimi ninasomea ualimu wa Kiswahili na Biolojia. Mwaka jana tulipelekwa Molo, wilayani Tororo, kwa mafunzo ya nyanjani. Kila mwanafunzi alipewa fomu yenye safu tatu: mahali, maelezo na jina la spishi. Kando ya mwamba niliona magamba madogo ya kijivu yametanda juu ya udongo mwekundu wa changarawe, na juu yake vijiti vyenye vikombe, vifupi kuliko ukucha. Niliitambua kuvumwani ya jenasi Cladonia. Safu ya tatu ndiyo iliyonishinda.

Kitabuni palikuwa na picha inayofanana nayo. Mwenzangu akaninong'oneza, "Andika hilo tu, nani atajua?" Je, ni kosa kuandika jina nisilo na hakika nalo ikiwa hakuna anayeumia?

Wapo watakaosema kwamba bila jina hakuna elimu, kwani kisicho na jina hakiwezi kujadiliwa wala kulindwa. Hilo ni kweli. Lakini jina likishaandikwa huwa ushahidi. Spishi nyingi za Cladonia hufanana kwa macho, na baadhi hutenganishwa kwa kudondoshewa kemikali na kutazama rangi inayojitokeza. Mimi sikuwa na kemikali hizo. Atakayesoma fomu yangu hatakuwa amefika pale mwambani, ataniamini tu. Kumdanganya mtu asiyeniona bado ni kudanganya.

Mama mwenye shamba alikuja kututazama. Nilimwuliza wanakiitaje kitu kile. Akacheka. "Hatukiiti chochote, mwanangu. Ila mvua ikinyesha hugeuka kijani, na ukilima mahali pake, hakirudi upesi." Hakuwa na jina, lakini alijua makazi yake kuliko kitabu changu.

Hata jina sahihi halisemi yote. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alieleza kwamba kiumbe hiki ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Wataalamu wengi walimpinga, akiwemo bingwa William Nylander wa Finland. Baadaye alionekana kuwa sahihi, lakini hadi leo, kwa kanuni za utaalamu, jina la spishi ni la kuvu peke yake. Mwani anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua hatajwi humo. Kiswahili kimewataja wote wawili: kuvumwani.

Basi niliandika "Cladonia", nikaacha nafasi ya spishi wazi, kisha nikajaza safu ya maelezo: udongo, mwamba, kivuli, na yale aliyosema mama yule. Nilipoteza alama mbili. Sikufurahi, kwa sababu nilizihitaji. Hata hivyo, naamini kwamba nafasi iliyoachwa wazi humwita mwingine aje kutafuta, ilhali jina la uongo humwambia kazi imekwisha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kukiri hujui si aibu.