Umenunua Mng'aro

Kijana mmoja wa bodaboda, mkazi wa Busia upande wa Kenya, alitakiwa Jumamosi aende Tororo kujitambulisha ukweni. Alhamisi akavuka mpaka, akazunguka sokoni upande wa Uganda, na kwenye meza ya mitumba akaona wembe wa kukunja, wenye mpini mweusi kama wa vinyozi wa zamani. Ulimeremeta. Akalipa kwa shilingi za Kenya, akarudishiwa chenji ya Uganda, akaondoka akiwa na furaha tele.

Jumamosi alfajiri aliona uvivu kuchemsha maji. Alijipangusa uso kwa maji baridi, akajipaka sabuni ya kufulia, akainamia kioo cha pikipiki, shati jeupe tayari mwilini. Wembe ulivuta ndevu badala ya kuzikata. Akaudhika, akakandamiza, akapanda nao kutoka shingoni kwenda juu. Ulipofika kidevuni ukateleza kwa ubavu. Wembe ukienda ubavu haunyoi, unachanja. Kola ikalowa damu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Huyu hata kinyozi hakuwa.

Alifika Tororo na vipande vya karatasi kidevuni. Kabla ya kwenda ukweni aliingia kwa kinyozi mmoja mzee, kibanda kinachotazamana na ule mwamba unaoonekana kila pembe ya mji. Mzee akamsafisha jeraha, akapitisha shabu iliyoloweshwa. Ikamchoma, damu ikakata.

"Hebu lete huo wembe." Akaweka unywele kwenye makali, unywele ukapinda, haukukatika. "Mwanangu, umenunua mng'aro, makali hukununua. Na aliyekuwa nao kabla yako unamjua?"

"Simjui, mzee."

"Basi na damu yake huijui."

Mzee hakuwa akimtisha bure. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata palipo na doa lililokauka lisiloonekana. Wembe wa mtumba kwanza husafishwa na kutakaswa kwa dawa, kisha hunolewa kwenye kinoo na anayejua. Ukishakuwa wako, ni wako peke yako. Hata ndugu haazimwi.

Mkanda wa ngozi nao una kazi yake. Haunoi, hunyoosha makali yaliyokwisha kunolewa. Kabla ya kunyoa, wembe hulazwa bapa na kupitishwa mara 20 hadi 30, mgongo ukitangulia, makali yakifuata. Ukitanguliza makali, utakata mkanda na kuua wembe.

Halafu maji. Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji: tunaisema kama fumbo, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Maji ya moto, dakika chache, ndevu zilainike. Kisha povu zito. Ngozi ivutwe kwa vidole, wembe uinuliwe nyuzi 30 hivi, mkono uwe mwepesi, na ufuate ndevu zinakolalia. Sisi wenye ndevu za kujisokota, tukinyoa kinyume na kuzikata chini mno, ncha hujikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Vipele vya shingoni chanzo chake ni hicho. Pito moja latosha.

"Ulipojifunza pikipiki," mzee akamuuliza, "ulianzia barabara kuu, katikati ya malori?"

"Hapana, mzee. Uwanja wa shule."

"Na uso una uwanja wake. Ni shavu. Ungeanzia hapo."

Ukweni walimpokea vizuri, ingawa shemeji mdogo hakuacha kuitazama ile kola. Vipele vilichomoza siku ya tatu.

Wewe unayetaka kuanza, usianze siku yenye shughuli wala saa ya haraka. Wiki za kwanza nyoa mashavu tu, kwa wembe ulionolewa na maji ya moto. Ukimaliza, ukaushe wembe na kuupaka mafuta kidogo usishike kutu. Shavu likishakuzoea ndipo ushuke. Mpaka hapo, kidevu mwachie kinyozi.