Amana ya Fundi na Maji Yaliyojificha

Kama fundi anawajibika kwa hasara asiyoikusudia ni swali ambalo wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wamelijadili tangu karne za mwanzo wakitumia mifano ya dobi na mshonaji, lakini ni kazi chache zinazodai jibu kwa ukali kama kutengeneza sili inayovuja katika giaboksi ya mashine ya boti, ile inayofungwa kwenye tezi.

Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobanwa na springi juu ya shafti inayozungusha rafadha, na kwa kawaida huwekwa mbili, moja ikielekea ndani ili mafuta ya gia yasitoke na nyingine ikielekea nje ili maji ya bahari yasiingie. Mshipi wa nailoni ukijisokota nyuma ya rafadha huukata mdomo huo, na maji huanza kupenya kidogo kidogo hadi mafuta yanapokuwa meupe kama chai ya maziwa. Mafuta ya namna hiyo hayatandi tena sawasawa baina ya meno ya gia, kwa hiyo gia na beringi hushika kutu na kulika, ilhali boti yaweza kuendelea kukimbia siku nyingi na nahodha asihisi lolote.

Fundi anayemwaga mafuta hayo na kujaza mapya bila kuigusa sili huwa ameondoa dalili akaacha ugonjwa, na mwenye boti hana njia ya kulijua hilo kwa macho. Kuhusu kuficha kasoro namna hii, imesimuliwa katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu, na muuzaji alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu ili watu waione. Muuzaji huyo hakulaumiwa kwa mvua, bali kwa kuificha athari yake.

Kuhusu fidia ya mali iliyoharibika mikononi mwa fundi, Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795, aliwahesabu mafundi kuwa wadhamini, yaani wenye kulazimika kulipa, kwa ajili ya maslahi ya watu, ilhali katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, rai yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, hivyo halipi ila akivuka mipaka au akizembea. Rai hii huonekana nyepesi, lakini kwa hakika ndiyo inayomchunguza fundi zaidi, kwa sababu inalazimu kuuliza uzembe ni nini.

Katika kazi ya sili, jibu linapatikana kwenye kipimo. Baada ya kumwaga mafuta, giaboksi hujazwa upepo wa takriban paundi 10 kwa inchi ya mraba kupitia tundu la mafuta, hupakwa maji ya sabuni, na shafti huzungushwa polepole, kwa kuwa sili iliyochakaa yaweza kuzuia upepo shafti ikiwa imetulia na kuuachia inapozunguka. Mapovu ndiyo yanayoonyesha panapovuja. Fundi mwenye uwezo wa kupima namna hii, akaacha, hawezi kujitetea kwa kutojua, maana kutojua kwake amekuchagua mwenyewe.

Jambo gumu zaidi ni shafti iliyochimbika mfereji pale mdomo wa sili unaposugua, kwani sili mpya ikikaa juu ya mfereji huo haichukui muda kuvuja tena. Shafti ni ghali, na mwenye boti aliyeelezwa ukweli anaweza kuridhia sili peke yake. Kisheria, ridhaa hiyo yamtosha fundi kwa upande wa mali. Lakini gia zikivunjika katika mkondo wa Pemba wakati wa upepo wa kusi, wanaochukuliwa na maji kuelekea kaskazini ni nahodha na mabaharia, ambao mara nyingi si wenye boti wala hawakuulizwa, na hakuna anayeweza kuridhia hatari ya roho ya mwenzake kwa niaba yake. Kwa hiyo habari ya mfereji ule ni haki ya nahodha pia, naye anastahili kuisikia kutoka kwa fundi mwenyewe kabla boti haijashushwa majini.