Dawa Isiyongoja Msafara

Wahenga wa pwani wametuachia usemi kuwa elimu ni bahari. Tumezoea kuufasiri kwa upande mmoja tu, kwamba elimu haina mwisho na kwamba anayeogelea humo hafiki ng'ambo. Upo upande wa pili, ambao sisi tuliolelewa ufukoni hatuuoni kwa wepesi: bahari haiko kila mahali. Iko mikoa ambayo mtu huzaliwa, akaoa, akazeeka na akazikwa bila ya kuyatia maji yake mdomoni. Ikiwa elimu ni bahari, basi ni haki kuuliza: yule aliye mbali na ufuko ana fungu gani ndani yake?

Nataka kulipima suala hili kwa mahali pamoja na kwa dawa ya aina moja. Mahali ni Ipuli, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Dawa ni zile za tiba ya nyuklia, elimu ambayo wataalamu wa dunia wamekuwa wakiandikia tafiti kwa zaidi ya miaka themanini. Mpenzi wa ushairi asishangae kukutana na habari hizi katika kurasa zake. Suala lenyewe ni la kale: ni suala la haki, na la masafa.

Tabora haikuwa mahali pa pembezoni. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857, walikuta kituo kikubwa cha misafara, chenye nyumba za Waarabu na Waswahili, na njia zilizogawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Katanga. Baba yake Tippu Tip alikuwa na maskani huko na akaoa katika ukoo wa Mtemi Fundikira. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na sifa pwani nzima. Waliteremka na pembe, wakapanda na vitambaa, shanga, waya na baruti. Chumvi ya Uvinza na shaba ya Katanga nazo zilipita katika njia hizo. Wakapita pia wanadamu wenzetu waliofanywa bidhaa, na hilo halifai kupitwa kimya.

Ukiitazama mizigo ile utaona sifa moja iliyoifanya iwe mizigo: iliweza kungoja. Mwendo kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulichukua miezi miwili, mitatu, au zaidi mvua zikishika. Pembe haikupungua kwa kuchelewa, wala shanga hazikuoza. Kilichopungua njiani ni mwanadamu, na hasa mtumwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uhai wa kupoteza.

Sasa tutazame mzigo usiongoja. Katika tiba ya nyuklia mgonjwa hupewa, kwa sindano au kwa kumeza, kiasi kidogo cha kitu chenye mionzi. Kitu hicho hukimbilia kiungo kinachotakiwa, mfupa au moyo au tezi ya shingo, na kamera iliyo nje ya mwili hupokea mionzi yake na kuchora picha. Kitumikacho zaidi duniani ni teknetiamu 99m. Nusu-uhai wake ni saa 6, yaani kila zipitapo saa 6 nguvu yake hubaki nusu. Tuseme mafungu 64 yameondoka Dar es Salaam alfajiri. Adhuhuri yamebaki 32, magharibi 16, usiku wa manane 8, na alfajiri ya pili 4. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ina zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani, na safari yake kwa desturi imekuwa ya mchana na usiku. Abiria angefika mzima. Dawa ingefika mabaki.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaisafirishi teknetiamu yenyewe masafa marefu. Humsafirisha mzazi wake, molibdenamu 99, ambaye nusu-uhai wake ni kiasi cha saa 66, ndani ya chombo chenye kinga ya risasi. Kisha hospitalini humkamua, ndilo neno lao, kama akamuliwavyo ng'ombe asubuhi. Lakini ng'ombe huyo naye hukauka katika muda wa wiki moja au mbili, na lazima aletwe mwingine kwa ndege. Pahitajika kamera, mtaalamu wa dawa, mtaalamu wa fizikia, na umeme usiokatika. Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika Dar es Salaam, ilianza huduma hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgonjwa wa Ipuli hupanda gari moshi au basi akaifuata. Zamani mzigo ulimfuata mtu. Hapa mtu humfuata mzigo.

Iko dawa ya pili yenye subira kidogo, nayo ni iodini 131, ambayo nusu-uhai wake ni siku 8. Iodini twaijua sote kwa jina la madini joto. Asili yake kuu ni bahari, na watu wa bara, ambao udongo wao umeoshwa na mvua za karne nyingi, huikosa. Tezi ya shingo hufura, nao ndio ugonjwa wa rovu. Kuanzia miaka ya 1990 chumvi inayouzwa Tanzania imekuwa ikitakiwa kutiwa madini joto, na kwa njia hiyo kipande kidogo cha bahari hufika bara kila siku ndani ya chungu. Kuna maradhi mengine ya tezi hiyo yasiyotibika kwa chumvi. Mwaka 1936 daktari Saul Hertz, katika mji wa Boston, aliuliza kama iodini yaweza kufanywa iwe na mionzi, maana tezi ya shingo huinyonya yenyewe. Miaka mitano baadaye, 1941, alimpa mgonjwa wa kwanza. Swali lake na majibu yake yalichapishwa, na leo hospitali kote duniani hutumia njia hiyo.

Yalichapishwa. Neno hili ndilo linalotakiwa kupimwa. Twasema kuwa utafiti ukichapishwa umekuwa mali ya watu wote, na ushahidi upo wa watu waliolisadiki jambo hilo hata wakaumia. Marie Curie na mumewe hawakujiwekea haki ya peke yao juu ya njia ya kutenga radiamu, waliiandika wazi. Mwaka 1921 alikuwa hana uwezo wa kujinunulia gramu moja kwa utafiti wake, na wanawake wa Marekani ndio waliochanga dola 100,000 wakampa. Njia ilikuwa wazi kwa kila msomaji, na kitu chenyewe kilikuwa kwa mwenye fedha.

Mwaka uliofuata radiamu ilianza kutengenezwa Olen, Ubelgiji, kwa mawe yaliyotoka Shinkolobwe, Katanga. Katanga hiyo ndiko alikokwenda Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, kwa biashara ya shaba. Akajenga dola yake Bunkeya, hadi alipouawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Nusu-uhai wa radiamu ni kiasi cha miaka 1,600. Mzigo kama huo hungoja meli, hungoja mnunuzi, hungoja vizazi. Ulitoka katika ardhi ya Afrika kwa mikono ya Waafrika, ukatibu saratani Ulaya na Marekani. Na katika mgodi huo huo ikatoka sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kinachotoka kwetu kina subira ya miaka elfu, na kinachorudi kwetu kina subira ya saa 6. Mtu akiliona hilo kuwa ni dhuluma ya maumbile, nani atamlaumu?

Lakini hapa ndipo yapasa kutenganisha mambo. Maumbile hayadhulumu. Teknetiamu haimjui mtu wa Ipuli wala wa Boston. Hupungua kwa wote kwa kipimo kimoja. Kutofika kwake Ipuli ikiwa hai ni jambo la aina moja na kutofika kwa samaki mbichi kabla ya kuwapo barafu. Twaweza kulihuzunikia, na twaweza kulipunguza kwa kujenga karibu zaidi, kama ilivyofanyika Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando sasa hutoa tiba ya saratani kwa mionzi. Hatuwezi kulishitaki.

Kutofika kwa aina ya pili kunashitakika. Utafiti hauna nusu-uhai wa namna hiyo. Maneno yakitoka Dar es Salaam hufika Tabora na uzito wake wote. Shairi likighanwa mara elfu halipungui beti hata moja. Ikiwa matokeo ya utafiti uliofanywa juu ya miili ya watu wa bara hayafiki bara, hapana saa wala siku za kusingizia. Yamezuiliwa na bei ya jarida, au na Kiingereza, au na dhana kwamba aliyetoa damu hana haja ya kujua damu yake imesema nini. Hayo yote ni matendo ya watu, na mtu huulizwa juu ya tendo lake.

Wala sisemi jambo geni kwa wataalamu wenyewe. Azimio la Helsinki, lililoanza mwaka 1964 kuwa mwongozo wa tafiti juu ya wanadamu, liliporekebishwa mwaka 2013 lilitamka kuwa washiriki wote wapewe nafasi ya kuarifiwa matokeo ya jumla. Ahadi ipo kwenye karatasi. Mgonjwa hutia saini au dole gumba kabla ya kuanza; ni nadra mno kusikia kuwa ametafutwa baada ya kumalizika.

Mpinzani atajibu kwa hoja isiyo dhaifu. Atasema mgonjwa anataka kupona, hataki somo la fizikia, na kwamba fedha ya kutafsiri afadhali inunulie kamera. Ataleta ushahidi kutoka hapa kisiwani. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakapigwa miale ya gama mpaka yasiweze kuzalisha, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Mbung'o wa mwituni walipandana nayo wasipate kizazi, na mwaka 1997 ikatangazwa kuwa kisiwa kimesafika. Taarifa ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 2000, kwa Kiingereza. Mfugaji wa Unguja hakuisoma. Alimtazama ng'ombe wake akajua. Basi faida ilifika bila ya maneno.

Nakubali kwamba ilifika, na kwamba faida hutangulia maelezo. Lakini msikilize mfugaji wa misitu ya miombo ya Tabora, ambako mbung'o wangalipo. Akisikia habari za Unguja atauliza kwa haki: mbona sisi hatukufanyiwa? Jibu lipo, nalo ni zuri. Unguja ilikuwa na aina moja ya mbung'o, na bahari ilikuwa ua wa kuwazuia wageni wasirudi. Miombo haina ua, na mbung'o wake ni wa aina zaidi ya moja. Akiambiwa hivyo, ataelewa kuwa hakunyimwa na mtu. Asipoambiwa, atabaki kuchagua baina ya kudhani kuwa amedharauliwa na kudhani kuwa ni kudra. Dhana zote mbili humdhuru, maana ya kwanza humtia chuki pasipo na adui, na ya pili humnyamazisha pale ambapo pengine alistahili kudai.

Hapa naona msingi wa haki ninayoitetea. Mtu aliye mbali ana haki ya kujua kwa nini hakufikiwa. Elimu ndiyo inayomwezesha kupambanua baina ya alichonyimwa na maumbile na alichonyimwa na wenzake. Mgonjwa wa Ipuli anayejua habari za saa 6 hatauliza kwa nini dawa haikuletwa kwa basi. Atauliza maswali yaliyo bora zaidi: kwa nini rufaa yangu ilichukua miezi mingapi, ilhali dawa huhesabiwa kwa saa? Nauli yangu ni jukumu la nani? Kamera ya karibu itakuja lini? Hayo ni maswali ambayo mwenye madaraka hawezi kuyajibu kwa kunyoosha kidole mbinguni.

Imesalia hoja ya lugha, kwamba Kiswahili hakiwezi kuubeba mzigo huo. La hasha. Mwalimu Nyerere aliyesoma Tabora, kisha akafundisha biolojia huko huko, ndiye baadaye aliyetupa Shakespeare kwa Kiswahili, mwaka 1963 na 1969. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Tena lugha hii iliijua njia ya Tabora kabla ya reli. Ilipanda na misafara, ikabebwa na wapagazi ambao hawakuwa na kitabu, ikafika Ujiji na Kongo bila ya kupungua. Katika mizigo yote iliyopita njia ile, ni yeye aliyekuwa akiongezeka kadiri alivyokwenda mbali.

Basi kinachodaiwa si kikubwa. Kila utafiti unaofanywa juu ya watu uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, usemao kilichotafutwa, kilichopatikana, na kisichowezekana pamoja na sababu yake. Na ukurasa huo usomwe mahali pale palipotolewa damu. Gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo, kama ihesabiwavyo sindano. Na wanaoitunza lugha, wakiwamo wasomaji wa kurasa hizi, wasione haya kutafutia maneno ya mionzi na tezi mahali pake kando ya vina na mizani. Dawa ina udhuru wa kufia njiani. Neno halina.